Rwagasore: Mtoto wa mfalme aliyeanza na ushirika

MJOMBA wangu wa Muyinga ana kitabu kidogo cha hisa ambacho hakitumii wala hakitupi. Jalada lake limeliwa na mende, kurasa zimegeuka rangi ya chai, na ndani kuna mihuri ya malipo aliyoyafanya akiwa kijana kwa chama cha ushirika kilichokufa miaka mingi iliyopita. Chama kilipokufa hakuna mwanachama aliyeitwa kuelezwa fedha zilikwenda wapi. Ofisi ilifungwa, karani akahama, kufuli likaota kutu.

Safari hii nilipomtembelea nilikuta wajukuu zake wa kike wakimsihi ajiunge na kikundi chao cha kuweka na kukopa. Mzee alikuwa ameuza kahawa yake, fedha zipo, na kila jioni wasichana wale walikuwa wanarudia ombi lao. Naye kila jioni alikuwa anakwenda chumbani, anarudi na kile kitabu, anakiweka mezani bila kusema neno.

Usiku wa pili akaniita uani. Alitaka mimi, mpwa wake kutoka Ngara, ng'ambo ya mpaka wa Kobero, nimweleze kama mtu aliyekaa darasani: ushirika ni kitu cha kweli, au ni ujanja wa wenye kalamu wa kuwala wenye jembe?

Sikuwa na jibu. Kesho yake nilikuwa na safari ya Gitega, nikamwomba anipe muda hadi nitakaporudi. Basi letu lilipokuwa likipanda na kushuka vilima vya Karuzi, nikamkumbuka mtu mmoja aliyezaliwa Gitega hiyo hiyo, ambaye swali la mjomba lilikuwa pia swali la maisha yake. Mtu huyo ni mwana wa mfalme, Louis Rwagasore.

Ndugu msomaji, wengi wetu tunamfahamu Rwagasore kama shujaa wa uhuru wa Burundi aliyepigwa risasi akiwa waziri mkuu. Hilo ni kweli. Lakini kabla ya kuwa mwanasiasa alikuwa mtu wa ushirika, na bila ushirika huenda tusingelisikia jina lake.

Mtoto wa ikulu

Rwagasore alizaliwa Januari 10, 1932. Baba yake alikuwa Mwami Mwambutsa IV, aliyerithi kiti cha ufalme mwaka 1915 akiwa bado mtoto mdogo. Mama yake aliitwa Thérèse Kanyonga. Burundi wakati huo iliitwa Urundi, na pamoja na Rwanda ilikuwa chini ya Ubelgiji, iliyokabidhiwa nchi hizo baada ya Wajerumani kushindwa katika Vita Kuu ya Kwanza.

Ikumbukwe kwamba mpaka unaoitenganisha Muyinga na Ngara ulichorwa baada ya vita hiyo hiyo, Waingereza na Wabelgiji walipogawana mali ya Mjerumani. Bugufi, kwetu sisi, ilikuwa sehemu ya ufalme wa Burundi. Ikaangukia upande wa Mwingereza. Ndiyo maana mama yangu alizaliwa upande huu na kaka yake akaishi upande ule, na hakuna kati yao aliyewahi kujiona mgeni kwa mwenzake.

Mwaka 1932 una jambo jingine la kukumbuka. Mwezi Machi mwaka huo, wakati mtoto wa Mwami akiwa na miezi miwili, huko Ufaransa alifariki mzee mmoja profesa wa uchumi aliyeitwa Charles Gide. Huyu alikuwa ametumia maisha yake kufundisha kwamba mnyonge hahitaji bunduki ili kubadili uchumi. Anahitaji kuungana na wanyonge wenzake, kwanza wamiliki duka, kisha wamiliki kiwanda kinacholilisha duka, na mwisho wamiliki shamba linalokilisha kiwanda. Wawili hao hawakuonana, lakini wazo la mmoja lilikuja kuwa kazi ya mwingine.

Rwagasore alisoma shule za Kikatoliki nchini mwake, kisha mwaka 1945 akapelekwa Astrida, mji uliokuja kuitwa Butare nchini Rwanda, kwenye shule iliyowaandaa watoto wa machifu kuwa makarani na wasaidizi wa serikali ya kikoloni. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 akaenda Ubelgiji kwa masomo ya juu, Antwerp.

Nchi ya mikate ya wafanyakazi

Hapa naomba msomaji anivumilie kidogo, kwa sababu bila kuielewa Ubelgiji ile hatuwezi kuelewa kilichotokea Usumbura baadaye.

Karne ya 19 viwanda vya Ulaya vilitajirisha wachache na kuwasaga wengi. Watoto walifanya kazi kwenye mashine za pamba, na mshahara wa baba haukutosha mkate. Watu wenye kufikiri wakaanza kutafuta dawa. Robert Owen, mwenye kiwanda huko New Lanark, Uskochi, aliboresha nyumba za wafanyakazi wake, akawafungulia shule na duka la bei nafuu. Alipotaka kujenga kijiji kizima cha ujamaa huko Marekani mwaka 1825, alitoa fedha zake nyingi, na kijiji hicho kilisambaratika katika muda wa miaka michache tu.

Mwaka 1844 mafundi 28, wengi wao wafumaji wa nguo, katika mji wa Rochdale nchini Uingereza, walifanya kitu kidogo zaidi. Hawakuwa na tajiri wa kuwasaidia. Walichanga senti zao, wakafungua duka la siagi, sukari, unga na shayiri, na wakajiwekea masharti: kila mwanachama kura moja hata kama ana hisa nyingi, hakuna kukopesha, mizani iwe ya haki, hesabu zikaguliwe na kuonyeshwa wanachama, na faida igawanywe kulingana na manunuzi ya kila mtu. Duka lile halikufa. Vyama vingi vya ushirika duniani vinafuata masharti yaliyotoka pale, yawe ya Kilimanjaro au ya Gitega.

Ujerumani naye Friedrich Raiffeisen akaanzisha vyama vya mikopo vya vijijini, ambamo majirani walidhaminiana kwa sababu walijuana tabia. Karl Marx, aliyeishi Brussels kuanzia 1845 hadi alipofukuzwa mwaka 1848, alikuwa na mawazo tofauti. Mwaka 1864 aliwasifu wafanyakazi waliomiliki viwanda vyao kwa ushirika, lakini akaonya kwamba juhudi hizo zitabaki ndogo ikiwa mamlaka ya nchi yamo mikononi mwa wale wale wenye mali.

Ubelgiji iliyapokea mawazo haya yote. Mjini Ghent, umbali wa kilomita zipatazo 60 kutoka Antwerp, wafanyakazi wa kisoshalisti walianzisha mwaka 1881 ushirika wa Vooruit uliooka mikate, ukawauzia wanachama na kuwasaidia wakiugua. Wakatoliki nao hawakukubali kuachwa nyuma. Mwaka 1890 wakaanzisha Leuven chama cha wakulima, Boerenbond, cha kununua mbolea kwa pamoja na kuweka akiba. Padri na msoshalisti waligombana kwa mambo mengi, lakini juu ya ushirika kila mmoja alikuwa na wake.

Hiyo ndiyo nchi aliyoikuta kijana wa Mwami. Mfanyakazi wa Ghent alikuwa na duka lake, na mkulima wa Kibelgiji alikuwa na benki yake. Mkulima wa kahawa wa Urundi, aliyelazimishwa na Wabelgiji hao hao kupanda miche tangu miaka ya 1930, alikuwa na jembe lake tu.

Duka la wana wa nchi

Rwagasore alirejea nyumbani katikati ya miaka ya 1950. Angeweza kukaa ikulu akala urithi. Badala yake, Juni 1957, alianzisha vyama vya ushirika vya wenyeji, na kikubwa kati ya hivyo kilikuwa Ushirika wa Wafanyabiashara wa Burundi, uliojulikana kwa herufi zake za Kifaransa, CCB.

Biashara kubwa ya nchi wakati huo ilikuwa mikononi mwa Wazungu, Wagiriki na wafanyabiashara wa Kiasia. Wao ndio walionunua kahawa na kuleta vitambaa, chumvi na sukari. Mrundi mwenye kibanda alichukua mali kwao kwa bei waliyoitaka wao. Wazo la CCB lilikuwa jepesi: vibanda viungane, vinunue na kuuza kwa sauti moja.

Waliomwelewa haraka walikuwa Waswahili wa Usumbura, mji ambao leo ni Bujumbura. Watu wa Buyenzi, wengi wao Waislamu, walijua biashara na walijua kusafiri, lakini wakoloni waliwaona kama watu wa kupita tu, wasio na chifu wala kilima. Mtoto wa mfalme aliketi nao. Kwa wengi lilikuwa jambo la ajabu, na hawakulisahau. Baadaye, alipohitaji watu wa kujaza mikutano yake ya siasa na kuchangia chama chake, hao ndio waliokuwa wa kwanza.

Wakati huo huo upande wetu wa mpaka ushirika ulikuwa si kitu kigeni. Wachaga walikuwa na KNCU tangu 1933. Wakulima wa Bugufi walikuwa na ushirika wao wa kahawa tangu miaka hiyo ya 1930. Wasukuma na wenzao wa kanda ya ziwa walikuwa na shirikisho lao la pamba tangu 1955 chini ya Paul Bomani. Rwagasore alikuwa na urafiki na Mwalimu Julius Nyerere, na TANU ilimpa moyo na msaada katika harakati zake.

Hata hivyo, ukweli lazima usemwe hata kama ni wa shujaa. CCB haikuendeshwa vizuri. Madeni yalipanda, fedha nyingine ziliishia mifukoni mwa watu, na hesabu hazikukaa sawa. Rwagasore aliomba msaada wa fedha ili kuuokoa ushirika, na mwishowe utawala wa Kibelgiji ukauchukua na kuuweka chini ya usimamizi wake.

Nililifikiria sana jambo hili nikiwa Gitega. Naona CCB ilikuwa na ugonjwa wa Robert Owen. Ilishuka kutoka juu. Watu waliweka fedha zao kwa sababu ya jina la mtoto wa Mwami, na nani angethubutu kumwomba mtoto wa Mwami aonyeshe daftari? Wafumaji wa Rochdale hawakuwa na mtu wa kumwamini kiasi hicho, kwa hiyo waliamini hesabu. Sisemi hivi kumdharau marehemu. Alikuwa kijana wa miaka 25, aliyekuwa anajaribu kujenga katika miezi kile ambacho Ulaya ilikijenga kwa miaka mia.

Kutoka dukani hadi kwenye kura

Mkoloni alidhani kwamba kwa kuuchukua ushirika amemmaliza Rwagasore. Ikawa kinyume. Jina lake lilienea kote kama mtu aliyenyang'anywa kitu alichokuwa anakijenga kwa ajili ya wengine. Naye akatambua kile Marx alichokionya karibu miaka mia nyuma, ingawa Rwagasore hakuwa mfuasi wa Marx: duka la wanyonge halitadumu iwapo mwenye ufunguo wa nchi ni mtu mwingine.

Hivyo mwishoni mwa miaka ya 1950 akaelekeza nguvu zake UPRONA, chama cha umoja na maendeleo ya taifa. Alidai uhuru, akataka ufalme wa kikatiba, na akahimiza Wahutu, Watutsi na Waganwa wakae katika chama kimoja. Katika miaka ile ambayo Rwanda jirani ilianza kuwaka moto wa ukabila mwaka 1959, msimamo huo haukuwa mdogo.

Wabelgiji wakamwita mkomunisti. Msomaji pima mwenyewe: mtu aliyetaka mfalme abaki kwenye kiti, Mkatoliki aliyelelewa shule za mapadri, anaitwa mkomunisti kwa sababu alifungua maduka ya ushirika na kusalimiana na Nyerere na Lumumba. Mkulima wa Leuven alipofanya jambo hilo hilo aliitwa Mkristo mwema na mchapakazi.

Mwaka 1960 ikatoka amri ya kuwazuia ndugu wa karibu wa Mwami kushika nafasi za siasa, na kila mtu alijua inamlenga nani. Oktoba mwaka huo akawekwa kizuizini nyumbani wakati wa uchaguzi wa serikali za mitaa, na chama pinzani cha PDC, kilichopendwa na utawala, kikashinda. Umoja wa Mataifa ukaingilia, akaachiwa. Uchaguzi wa Bunge ukafanyika Septemba 18, 1961, chini ya macho ya Umoja wa Mataifa, na UPRONA ikapata viti 58 kati ya 64.

Mwishoni mwa mwezi huo Rwagasore akawa waziri mkuu, akiwa na umri wa miaka 29. Aliongoza kwa takriban wiki mbili. Usiku wa Oktoba 13, 1961, akiwa anakula chakula katika Hoteli Tanganyika kando ya ziwa mjini Usumbura, alipigwa risasi na Mgiriki aliyeitwa Jean Kageorgis.

Kageorgis alinyongwa? Hapana, wengi hukosea hapo. Alipigwa risasi Juni 30, 1962, siku moja kabla ya uhuru. Waliohusishwa na njama hiyo walikuwa viongozi wa PDC, wakiwamo Jean-Baptiste Ntidendereza na Joseph Biroli, watoto wa Chifu Pierre Baranyanka. Baada ya uhuru kesi yao ilirudiwa, na Januari 1963 watu watano walinyongwa hadharani mjini Gitega. Mji uliomzaa Rwagasore ndio ulioshuhudia mwisho wa waliohukumiwa kwa kifo chake.

Suala la mkono wa Ubelgiji halikuisha. Oktoba 2018 serikali ya Burundi iliituhumu rasmi Ubelgiji kuhusika, na mwaka 2021 mtafiti wa Kibelgiji Ludo De Witte alichapisha kitabu kizima kinachowatuhumu maofisa wa nchi yake. Kilicho wazi ni hasara. Aliyekuwa amewaunganisha Wahutu na Watutsi katika chama kimoja aliondoka, na UPRONA ikapasuka. Mwaka 1965 waziri mkuu mwingine, Pierre Ngendandumwe, akauawa, mwaka 1966 ufalme ukaondolewa, na mwaka 1972 damu ikamwagika kwa kiasi ambacho wazee wa Muyinga hadi leo wanakizungumza kwa sauti ya chini.

Jibu la mjomba

Gitega ya sasa ina pilikapilika. Tangu mwaka 2019 ni makao makuu ya kisiasa ya nchi kwa mujibu wa sheria. Ramani nayo imebadilika: mwaka 2025 mikoa ilipunguzwa ikawa mitano, Muyinga ikaingia katika mkoa wa Buhumuza, na mkoa mwingine ukapewa jina la Butanyerera, eneo ambalo Rwagasore aliwahi kuwa chifu wake. Kaburi lake liko Bujumbura, kwenye kilima cha Vugizo, na kila Oktoba 13 taifa linapumzika kumkumbuka.

Niliporudi Muyinga mjomba alikuwa ananisubiri. Kitabu kilikuwa mezani.

Nilimsimulia yote haya, kwa Kiswahili na kwa Kirundi changu cha Bugufi. Nilimweleza pia kwamba hata kwetu Tanzania, pamoja na ujamaa wetu wote, serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika mwaka 1976, na ikabidi virudishwe kwa sheria ya mwaka 1982. Kwa hiyo si mkoloni peke yake anayeua ushirika. Karani mwizi anaua, serikali yenye haraka inaua, na mwanachama anayeona haya kuuliza naye anaua.

Nikamwambia kwamba kitu chenyewe ni cha kweli. Mafundi 28 walikithibitisha. Lakini asiweke fedha kwa sababu ya jina la mtu, hata liwe jina la mjukuu wake. Auliize daftari liko wapi, nani analikagua, na kama yeye na jirani mwenye hisa kumi wana kura sawa.

Mzee alikaa kimya kwa muda mrefu. Kisha akawaita wasichana, akawaagiza walete daftari la kikundi na kumsomea mstari kwa mstari, nani ameweka nini na nani amekopa nini. Ilichukua karibu saa nzima, kwa sababu kila jina alilolifahamu alitaka kujua mkopo wake ni wa nini. Mahali pamoja jumla haikukubaliana na michango. Wakahesabu upya mbele yake, wakakuta kosa, wakalisahihisha kwa kalamu nyekundu.

Nilidhani kosa lile litamkatisha tamaa. Badala yake alitoa fedha za hisa moja tu, akataka risiti, na akasema kwamba atakuja kila mkutano kusikiliza hesabu zikisomwa. Wasichana walitarajia hisa nyingi zaidi, na mmoja alinuna waziwazi. Asubuhi nilipokuwa napanda gari la kwenda Kobero niliona kile kitabu cha zamani bado kiko mezani, na risiti mpya imewekwa ndani yake.